Kutafuta Pakavu: Namna ya Kupiga Kambi Porini katika Big Cypress, Florida

Mtu aliyezoea kupiga kambi Afrika Mashariki, anapojiandaa kwenda kulala porini kusini mwa Florida, huanza kwa kuuliza habari za wanyama: kama mamba ni wengi, kama nyoka ni wakali, kama dubu huingia hemani. Maswali hayo ni ya haki na nitayafikia, lakini yapo nyuma ya swali jingine ambalo ndilo linaloamua usiku wako utakuwaje: utalala wapi pasipo na maji? Ardhi ya Big Cypress, hifadhi ya pori iliyo huko, imetandazwa kama jamvi. Mteremko wake kuelekea Ghuba ya Meksiko ni mdogo kiasi kwamba maji ya mvua hayakimbilii mtoni bali hutambaa taratibu juu ya uso wa nchi kwa miezi mingi, na tofauti ya kimo isiyozidi shubiri moja hutosha kutenganisha msitu wa misonobari na kinamasi. Pakavu ni pachache, na kila kiumbe anapatafuta kama unavyopatafuta wewe.

Kwanza ijue ardhi unayoiendea na nani anaisimamia. Big Cypress ilitengwa kuwa hifadhi tarehe 11 Oktoba 1974, baada ya wahifadhi, wawindaji, na watu wa makabila ya asili ya Miccosukee na Seminole kupinga uwanja mkubwa wa ndege ulioanza kujengwa huko mwaka 1968. Kwa kuwa wawindaji walikuwa upande wa walioitetea, uwindaji haukupigwa marufuku kama ilivyo katika hifadhi nyingi za taifa nchini Marekani. Ndiyo maana eneo hilo la takribani kilomita za mraba 2,950 lina sura mbili: liko chini ya Idara ya Hifadhi za Taifa, na papo hapo ni eneo la usimamizi wa wanyamapori (WMA kwa kifupi cha Kiingereza) ambalo kanuni zake za uwindaji hutolewa na Tume ya Uhifadhi wa Samaki na Wanyamapori ya Florida. Msomaji wa Tanzania asilichanganye na WMA za kwetu, kama Burunge au Enduimet, ambako vijiji huungana na kutenga ardhi yao wenyewe.

Kambi ninayoizungumzia hapa haina kiwanja chenye namba, haina choo, haina bomba la maji wala meza. Unatembea hadi unapopata mahali panapofaa, unalala, na asubuhi unaondoka. Hata hivyo uhuru huo una masharti. Kila anayelala katika pori la Big Cypress anatakiwa kuwa na kibali, na kibali hicho ndicho kinachowaeleza askari wa hifadhi kwamba upo ndani na uko upande gani. Ukichagua eneo jingine la Florida la aina hii, usidhani kwamba kanuni ni zilezile, kwa sababu Tume hutoa kijitabu cha kanuni pamoja na ramani kwa kila eneo, na yapo maeneo yanayoruhusu kulala mahali palipotengwa tu. Soma kijitabu cha mwaka huu, usitegemee maneno ya rafiki aliyekwenda miaka mitatu iliyopita.

Wakati wa kwenda

Mvua za huko huanza kwa kawaida mwezi Mei na kuendelea hadi Oktoba, na katika miezi hiyo radi hupiga karibu kila alasiri, mbu hawavumiliki, na sehemu kubwa ya njia huwa chini ya maji. Msimu wa vimbunga nao ni kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba. Kwa safari ya kwanza ninapendekeza Januari na Februari. Maji bado yapo, kwa hiyo hutakufa kiu, lakini yamepungua vya kutosha kuacha visiwa vikavu. Jua si kali sana. Na mbu wachache waliobaki hutulizwa na dawa ya kawaida. Usishangae baridi. Ingawa Florida hii ni nchi ya joto, upepo wa kaskazini ukishuka mwezi Januari usiku unaweza kwenda chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na mtu aliyelowa tangu asubuhi huisikia baridi hiyo kwenye mifupa.

Msimu wa kuwinda kwa bunduki kwa kawaida huangukia kati ya Novemba na mwanzo wa Januari. Sheria ya Florida inamtaka anayewinda paa kwenye ardhi ya umma wakati huo, pamoja na anayefuatana naye, avae kitambaa cha rangi ya chungwa inayong'aa chenye ukubwa usiopungua inchi za mraba 500 juu ya kiuno. Wewe si mwindaji, lakini vaa kizibao cha rangi hiyo hata hivyo, na funga kitambaa kingine juu ya begi lako. Mwindaji aliye kwenye kichaka saa kumi na mbili asubuhi anastahili kukuona mapema, nawe unastahili kuonekana.

Kuisoma ardhi kwa miti yake

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji asome taratibu, kwa maana ramani ya kawaida haitamsaidia sana. Mistari ya kimo kwenye ramani haiwezi kuonyesha tofauti ya sentimita 20, ilhali tofauti hiyo ndiyo ya kitanda kikavu na kitanda kilicholowa. Ramani halisi ya Big Cypress imeandikwa kwa miti.

Anza na mberoshi wa majini, mti ulioipa hifadhi jina lake. Huu hupukutisha majani wakati wa kiangazi, kwa hiyo Januari utauona umesimama mtupu, wa kijivu, shina lake limetanuka chini kama chupa. Panapoota huu, maji hukaa sehemu kubwa ya mwaka. Ukitazama kutoka mbali utaona makundi ya miberoshi yenye umbo la kuba, miti mirefu ikiwa katikati na mifupi pembeni, na mgeni yeyote ataapa kwamba anatazama kilima. Kumbe ni kinyume chake. Miti ya katikati ni mirefu kwa sababu imesimama ndani ya bonde lenye udongo mwingi na maji mengi zaidi, na mgeni anayekielekea kilima hicho jioni akitafuta pa kulala hujikuta maji yamemfika kiunoni, pengine kwenye dimbwi la aligeta, mnyama wa jamii ya mamba. Kinachoonekana kama mwinuko ni shimo. Jifunze jambo hili kabla ya mengine yote.

Tafuta misonobari. Msonobari wa huko unasimama mnyoofu, gome lake limekatika vipande kama magamba, na kivuli chake ni chepesi. Haupendi kusimama majini kwa muda mrefu, kwa hiyo panapoota ni juu kidogo kuliko penye miberoshi. Chini yake utaona mkindu mfupi, wenye majani kama upepeo wa kupepea moto na vikonyo vyenye meno ya msumeno yanayochana suruali. Ukiuona mkindu huo umeota kwa wingi, shukuru, kwa sababu hauvumilii mafuriko ya muda mrefu. Mahali palipo juu kuliko pote ni visiwa vya miti ya majani mapana, vyenye mialoni, minazi ya mwitu, na ukijani mzito usiopukutika. Visiwa hivyo huwa vidogo, wakati mwingine havizidi ukubwa wa uwanja wa mpira, na ndani yake kuna giza na utulivu hata saa sita mchana.

Ukishafika mahali panapoelekea kufaa, usitue begi bado. Inama utazame mashina. Kwenye shina la mti wowote uliowahi kufurikiwa kuna mstari: chini yake gome limefifia na lina tope kavu la kijivu, juu yake kuvu na kuvumwani vimeshika vizuri. Mstari huo umechorwa na maji ya msimu uliopita. Weka kiganja chako pale ulipo mstari, kisha tazama ardhi unayotaka kulala. Kama mstari uko usawa wa goti, basi ujue mvua kubwa ikinyesha maji yana njia ya kurudi hapo, na uamue kwa kuzingatia hali ya hewa. Tazama pia mabua ya nyasi, kama yamebeba vishada vya mayai meupe au ya waridi, mfano wa shanga zilizobandikwa. Hayo ni mayai ya konokono wa majini, ambaye huyataga juu kidogo ya usawa wa maji. Ukiona minara midogo ya matope, kimo cha kidole, yenye tundu katikati, hiyo ni kazi ya kamba wa maji baridi, na maana yake maji yako karibu sana chini ya miguu yako. Mstari kwenye gome, mayai kwenye bua na mnara wa tope vikisema jambo moja, viamini, hata kama ardhi yenyewe inaonekana kavu jioni hiyo.

Elimu hiyohiyo hufanya kazi kwa kugeuzwa. Mwezi Machi na Aprili shida si pakavu tena bali ni maji ya kunywa, na sehemu za kaskazini mwa hifadhi zinaweza kukauka kwa kilomita nyingi. Wakati huo msafiri huyaelekea yale makuba ya miberoshi aliyokuwa akiyakwepa, kwa sababu katikati yake ndimo dimbwi la mwisho linamobaki. Wanyama wote wanalijua, kwa hiyo usilale karibu nalo.

Kupiga kambi yenyewe

Panga kufika saa tisa alasiri. Mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni, na kutembea ndani ya maji na matope ni polepole mno. Mtu mwenye nguvu hupata kilomita moja na nusu au mbili kwa saa. Njia maarufu ya Florida Trail, yenye alama za rangi ya chungwa kwenye miti, ina takribani kilomita 45 hadi 50 kutoka kituo cha wageni cha Oasis kwenye barabara ya Tamiami hadi barabara kuu ya I-75. Kwenye njia kavu mtu angeimaliza kwa siku mbili, lakini hapa weka siku tatu hadi nne. Fimbo ndefu si pambo. Chini ya maji kuna mwamba wa chokaa uliotobolewa na asidi ya mvua na ya majani yaliyooza, na mashimo yake hayaonekani. Piga fimbo mbele kabla ya kupeleka mguu.

Mwamba huohuo unakataa vigingi. Sentimita chache chini ya majani ya misonobari utagonga jiwe, kwa hiyo chukua hema linaloweza kusimama lenyewe, na ncha zake zifunge kwenye mizizi au kwenye magogo. Wengine hupendelea kitanda cha kamba kinachofungwa kati ya miti miwili, chenye chandarua na turubai juu yake, nami nakubaliana nao: kinakuondoa ardhini, na ardhini ndiko waliko majirani. Tumia mikanda mipana isiyochuna gome. Chandarua kiwe na matundu madogo kuliko ya kawaida, kwa sababu usubi wa Florida hupita kwenye chandarua cha mbu bila shida.

Kabla ya kutandika, kagua mahali hatua kwa hatua. Sisimizi wa moto hujenga kichuguu cha udongo laini kisicho na tundu juu, na hupenda pakavu kama wewe. Mafuriko yakija hushikana wakawa chelezo hai na kuelea mpaka wapate kisiwa. Ukikanyaga kichuguu chao, mamia hupanda mguuni kabla hujasikia uchungu, kisha huuma karibu wote kwa pamoja. Ndani ya visiwa vya miti kagua pia mti wa sumu ambao gome lake lina madoa meusi kama lami iliyomwagika: utomvu wake huunguza ngozi, matone ya mvua yanayotoka kwenye majani yake huwasha, na moshi wa kuni zake ni hatari kwa macho na kifua. Mtambaazi wenye majani matatumatatu nao usiushike.

Visiwa hivyo vya miti vina historia ya watu. Wamiccosukee na Waseminole waliishi juu yake, walilima juu yake, na baadhi vina makaburi. Haki yao ya kuitumia ardhi hiyo kwa desturi zao imo katika sheria iliyounda hifadhi, na hadi leo wana makazi na sehemu za ibada ndani yake. Ukiona dalili za makazi, ya kale au ya sasa, ondoka ukatafute mahali pengine. Usichimbe, usiokote kigae wala mfupa.

Kuhusu moto, uliza hali ya siku hiyo unapochukua kibali, kwa maana kiangazi kikikolea moto hupigwa marufuku, na udongo mweusi wa majani yaliyooza unaweza kuwaka chini kwa chini kwa siku nyingi bila mwali kuonekana. Sisi tuliokulia kwenye desturi ya kuuweka moto usiku kucha ili wanyama wakae mbali tuiache desturi hiyo nyumbani. Jiko dogo la gesi linatosha kwa chai na wali.

Majirani wa pakavu

Mnyama ambaye Wamarekani humwita aligeta ni wa jamii ya mamba lakini si mamba wetu wa Mto Rufiji. Pua yake ni pana na ya mviringo, na kwa kawaida humkwepa mtu. Anayekuwa hatari ni yule aliyezoeshwa chakula na watu, na ndiyo sababu kumlisha ni kosa la jinai Florida. Hata hivyo usichote maji penye magugu wala baada ya jua kuzama, usimwache mtoto au mbwa ukingoni, na usiku mulika dimbwi kwanza. Macho yake hurudisha mwanga mwekundu kama makaa.

Dubu mweusi yupo kwa idadi ya kutosha, naye huvutwa na harufu. Chakula, dawa ya meno, sabuni na takataka zake vyote viwekwe ndani ya chombo kigumu kisichofunguliwa na dubu, na chombo hicho kiachwe hatua mia moja kutoka hemani. Rakuni, mnyama mdogo mdokozi wa usiku, atakishughulikia pia na kushindwa. Puma wa Florida, paka mkubwa wa mwitu, ni mnyama adimu sana, na kuona unyayo wake kwenye tope ni bahati ya kukumbukwa.

Nyoka ndio wanaohitaji heshima kubwa, kwa kuwa wao pia hupanda pakavu maji yanapojaa. Yupo wa majini mwenye kinywa cheupe kama pamba, wapo wenye njuga mkiani, wakubwa na wadogo, na yupo nyoka wa marijani mwenye mizunguko ya rangi. Usiweke mkono au mguu mahali usipopaona, kung'uta viatu asubuhi, na tumia tochi hata kwa hatua kumi za kwenda haja. Aliyeumwa asikatwe chale, asifungwe kamba, asinyonywe jeraha. Atulizwe, pete na saa zivuliwe, na msaada uitwe kwa namba 911. Kwa kuwa sehemu kubwa ya hifadhi haina mtandao wa simu, chukua kifaa cha kutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti. Ukikosa vyote, hiki usikikose.

Juu ya mbu nitasema jambo moja tu kwa wasomaji wanaodhani malaria waliiacha ng'ambo: mwaka 2023 Florida ilithibitisha wagonjwa 7 walioambukizwa malaria hukohuko, katika kaunti ya Sarasota. Ni wachache, na uwezekano ni mdogo, lakini mikono mirefu na dawa ya kupaka si ya kupuuzwa.

Maji, miguu na haja

Maji ya Big Cypress yana rangi ya chai kwa sababu ya majani. Rangi hiyo haidhuru. Chuja kwanza kwa kitambaa, kisha kwa chujio, au chemsha hadi yatokote kwa dakika moja kamili. Epuka mifereji inayotoka mashambani, maana chujio la msafiri haliondoi kemikali.

Miguu yako italowa kutwa nzima, kwa hiyo usihangaike na buti zisizopitisha maji; zikishajaa hazimwagi. Vaa viatu vyepesi vinavyotoa maji, na soksi za sufu. Jambo la lazima ni la jioni: osha miguu kwa maji safi, ikaushe hadi katikati ya vidole, ipake poda, kisha vaa jozi ya soksi ambayo haijawahi kutoka kwenye mfuko wake wa plastiki. Soksi hizo ni za kulalia tu. Asubuhi rudi kwenye zile zilizolowa, ingawa moyo utakataa, kwa sababu ukilowesha zile kavu hutakuwa na usiku wa pili.

Haja kubwa ifukiwe kwa kina cha sentimita 15 hadi 20, umbali usiopungua mita 60 kutoka kwenye maji. Mahali ambapo mwamba hauruhusu kina hicho, au maji yamekuzunguka pande zote, chukua mifuko maalumu ya kubebea uchafu na utoke nao.

Asubuhi ya kuondoka, rudisha majani ya misonobari uliyoyasogeza, pita kwa macho chini ya mahali hema lilipokuwa, na okota hata kipande cha uzi. Tazama tena ule mstari kwenye shina, na uandike kimo cha maji cha siku hiyo pamoja na tarehe katika daftari lako; safari ya pili itakufaa. Ukifika barabarani mpigie simu mtu uliyemwachia ratiba yako, umwambie umetoka, ili asije akaita watu wa kukutafuta.